Kumtayarisha mtoto kwa mtihani wa mchepuo: tunavyofanya barazani Jadida

Juzi mama mmoja muuza samaki alisimama mlangoni kwangu, kapu bado liko kichwani, akaniuliza: "Mwalimu, nimlipie mwanangu twesheni? Itamuingiza mchepuo au nitakuwa natupa pesa baharini?" Alikuwa na maana ya yale madarasa maalum ya sekondari, ambayo watoto huchaguliwa kwa mtihani wa mwisho wa skuli ya msingi. Nilikuwa natoka, nikamjibu kwa maneno mawili matatu na kila mtu akashika njia yake. Tangu siku ile roho haijatulia, kwa sababu suali lake lilistahiki jibu refu. Nimesomesha Hisabati darasa la tano na la sita hapa Wete kwa miaka 22, na jioni tatu kwa wiki hukaa na watoto barazani kwangu bila ya malipo. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia yeye.

Matayarisho yanasaidia. Lakini mengi katika tunayoyalipia hayasaidii, na yanayosaidia mengi hayana bei. Mtoto anahitaji kuizoea karatasi ya mtihani mpaka isimtishe. Anahitaji kuielewa lugha ya suali. Na anahitaji mazoezi ya kukitoa kichwani alichokisoma, bila ya kuchungulia daftari. Kipawa chenyewe hakuna twesheni ya kukitia. Tunachoweza ni kumuondolea mtoto vizuizi, ili akili aliyopewa na Mungu ionekane kwenye karatasi.

Mtu wa Pemba akisema mchepuo, jina linalomjia mdomoni kwanza ni skuli ya Fidel Castro, kule Vitongoji. Mtu wa Unguja atakutajia Lumumba au Ben Bella. Kila mzazi anataka jina la mwanawe lisomwe katika orodha ya vipawa na michepuo, na mimi simlaumu yeyote kwa kutaka hivyo. Wala hatuhangaiki peke yetu. Mji wa New York kwa miaka mingi ulikuwa ukiwapima watoto wa miaka 4, naam miaka 4, kuwachagua wa kuingia madarasa ya vipawa tangu mwaka wa mwanzo wa skuli. Wenye uwezo wakanunua vitabu vya mazoezi na wakaajiri walimu wa kuwafundisha watoto mafumbo ya maumbo. Wakuu wa elimu wakabadilisha sehemu ya mtihani ili mazoezi yapungue nguvu, na vitabu vya mazoezi navyo vikabadilika. Mwaka 2021 mtihani ule ukasitishwa. Nimeitaja habari hii kwa sababu wako wazazi wanaodhani kwamba wenzetu walioendelea wanayo dawa ya siri. Hawana.

Karatasi ya kwanza si ya kupata alama

Anza mwezi wa kwanza wa darasa la sita, na ukiweza anza darasa la tano. Tafuta karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma, ambazo watoto wanaziita pasti pepa. Waulize walimu wa skuli yake, au mzazi ambaye mwanawe alifanya mwaka jana. Ukipata tano au sita zinatosha. Kuna wazazi wananiletea mafungu ya karatasi thelathini wakidhani wingi ndio dawa, na mtoto anazipitia mbio mbio bila ya kusahihishiwa hata moja.

Siku ya karatasi ya kwanza muweke mtoto mahali patulivu, mpe penseli mbili na raba, mtilie saa mbele yake, na mpe muda ule ule ulioandikwa juu ya karatasi. Usimsaidie. Akikutazama kwa macho ya kuomba, mwambie, "Fanya unaloliweza, mwanangu, tutazungumza baadae." Ukishamuonesha jibu la suali la tatu umeiharibu karatasi nzima, maana ulichokuwa unatafuta ni kujua anakwama wapi.

Muda ukimalizika, kaa naye mpitie makosa moja moja. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo twesheni nyingi zinaporuka. Mimi kila kosa nalitia alama moja katika tatu. Duara ni kwamba mtoto hakulijua jambo lenyewe: hajui kugawanya sehemu kwa sehemu, kama nusu kwa robo, basi afundishwe. Pembetatu ni kwamba alijua lakini hakulielewa suali. Mstari ni kwamba alijua, akaelewa, akaharakisha au akaandika jibu mahali pasipo pake. Ili kujua ni alama gani, muulize mtoto kwa Kiswahili suali lile lile na umuache ajibu kwa mdomo. Akijibu sawa, hilo si duara.

Baada ya karatasi mbili tatu hesabu alama zako. Zikizidi duara, anahitaji mwalimu wa somo. Zikizidi mistari, anahitaji kupunguzwa pupa na kuzoeshwa kurudi nyuma kukagua. Kwa watoto wangu wa barazani, kila mwaka zinazozidi ni pembetatu.

Alama za kila karatasi naziandika katika kaunta buku. Msichana mmoja wa Limbani alipata 38 karatasi ya kwanza, 51 ya pili, 57 ya tatu, 58 ya nne, 60 ya tano. Tazama alivyoruka mwanzo na alivyotulia baadae. Baina ya ya kwanza na ya pili nilikuwa bado sijamfundisha hesabu yoyote mpya. Alichojifunza ni kwamba karatasi ina masuali upande wa nyuma, kwamba suali gumu linarukwa kisha linarejewa, na kwamba saa inakimbia. Wanaoshughulika na upimaji wa akili wanaijua hali hii: mtu akirudia mtihani wa namna moja mara ya pili hupanda, hata kama hapo kati hakusomeshwa kitu. Faida hiyo ni ya kweli na ni haki ya kila mtoto kuipata. Lakini huisha baada ya karatasi tatu nne. Kutoka hapo kila alama inatafutwa kwa jasho.

"Left" si kushoto

Miaka michache nyuma alikuwa akija mtoto mmoja wa kiume kutoka Mtambwe, mtoto wa mchumaji karafuu. Hesabu za kichwa alikuwa hashikiki. Nilimwambia jioni moja, "Wachumaji watatu, mmoja kapata pishi 14, mmoja 9, mmoja 11, na pishi moja inalipwa shilingi elfu..." sijamaliza sentensi, kashasema, "Elfu thalathini na nne, Mwalimu." Alikuwa amekulia kwenye hesabu hizo, akimuona baba yake akilipwa kila magharibi.

Siku ya pili nikampa suali la maandishi kwa Kiingereza. Mkulima alikuwa na pishi 34, kauza 19, "how many are left?" Akaliacha tupu. Masuali yote yaliyobaki kayafanya, lile kaliacha tupu. Nikamuuliza, "Hili umelishindwa?" Akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, left si kushoto? Nimetafuta picha upande wa kushoto, sikuiona."

Nilinyamaza. Mtoto anayejua 34 kutoa 19 tangu ana miaka saba alikuwa ameitafuta picha. Na laiti ningeisahihisha karatasi ile bila ya kumuuliza, ningeandika kwamba kutoa hakujui.

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilitaka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyesoma miaka minne kwa Kiswahili, na nyumbani kwao Kiingereza hakisikiki, anavushwa kwa ghafla. Jambo la kwanza basi ni kumuuliza mwalimu wa darasa: mtihani atakaofanya mwanangu unatungwa kwa lugha gani, somo kwa somo? Ukishajua, kama kuna karatasi za Kiingereza, fanya hivi.

Chukua daftari dogo, la kurasa arobaini linatosha. Kila suali lililopata pembetatu, mtoto atoe neno lililomkwaza aliandike upande mmoja, na upande wa pili aandike maana yake kwa lugha yake mwenyewe, si ya kamusi. Yule wa Mtambwe aliandika "left" na pembeni, "zilobaki baada ya kuuza". Yakusanyeni maneno yanayorudi kila mwaka: altogether ni jumla ya vyote, each ni kila kimoja, share equally ni kugawa sawasawa, remain ni ndugu yake left, shaded ni sehemu iliyotiwa rangi. Difference ni hatari, kwa sababu mtoto akiambiwa ni "tofauti" huandika kwamba kimoja kikubwa chengine kidogo. Mwambie wazi: katika Hisabati neno hilo linataka utoe. Mkiyatafuta hivi mtagundua kwamba maneno yenyewe si mengi. Kwa watoto wangu huwa hayazidi 80, na maneno 80 ni mtihani mdogo kuliko tunavyoogopa.

Halafu geuza mchezo. Mtoto atunge yeye suali kwa Kiingereza kwa kutumia neno lile, kwa vitu vya kwao: ngarawa, madafu, pishi, nauli ya gari ya Konde. Anayeweza kulitunga suali hawezi tena kutishwa nalo. Yule kijana wa Mtambwe alinitungia la pweza, kanasa wanane, mbwa kala watatu, how many are left, na wenzake wote barazani wakataka kutunga la mbwa.

Fanyeni kama chuoni

Mama zetu wengi wanaamini mtoto akikaa na daftari kwenye taa kwa saa mbili, midomo ikacheza, basi kasoma. Mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo. Lakini tazama maalim chuoni anavyofanya. Mtoto akisema "nimeshahifadhi", maalim hamwambii asome tena mara kumi. Humwambia, "Funga msahafu, nisomee." Akikwama humpa neno moja, anaendelea. Na sura za nyuma haziachwi zikafa. Ipo murajaa, siku zake zinajulikana. Watoto wetu wanahifadhi juzuu nzima kwa njia hiyo wakiwa na miaka minane tisa. Kisha wanakuja skuli, na Sayansi tunawaacha waisome kwa macho tu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma. Kundi jengine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kuandika wanachokumbuka, bila ya kukitazama kifungu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliosoma tu wakakumbuka asilimia 40, waliojikumbusha bila ya kutazama asilimia 61. Nilipoiona habari hiyo nilielewa kwa nini wazazi tunadanganyika. Usiku ule ule ukimuuliza mtoto aliyerudia kusoma, anajibu vizuri, na wewe unalala umefurahi. Mtihani lakini hauji usiku ule.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Mtoto asome ukurasa mmoja wa Sayansi au wa Jamii mara moja kwa makini. Afunge daftari, akupe wewe ulishike. Akueleze alichosoma. Na hapa nasema na mama anayedhani hana msaada kwa sababu yeye hakusoma: huna haja ya kujua kusoma kuifanya kazi hii. Kazi yako ni kusikiliza na kuuliza, "Na kitu gani chengine? Kwa nini iwe hivyo? Nieleze mimi nisiyejua." Akikwama, mpe daftari atazame, alifunge tena, aendelee. Bibi mmoja wa Gando alimsikiliza mjukuu wake hivyo mwaka mzima huku akisuka ukili, na hajui herufi hata moja.

Kisha rejea, kwa mpango. Ukurasa wa leo aueleze tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi. Andika tarehe pembeni mwa ukurasa kwa penseli ili msisahau. Kila akirudi atakuwa amesahau kidogo, na kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakoshindilia. Usimuonee huruma ukamkatisha kwa kumpa jibu. Mpe muda wa kuvuta pumzi tano sita kwanza.

Saa moja kwa jioni inatosha, jioni tatu au nne kwa wiki. Mtoto ana chuo, ana kazi za nyumbani, ana haki ya kwenda kucheza mpira pwani.

Msimu wa karafuu

Karafuu zikizaa vizuri, zinakutana na nusu ya pili ya mwaka, na mtihani nao uko mlangoni. Najua hali za majumba. Mikono ya mtoto ni pesa, na mashada hayangoji. Hata hivyo naomba kwa moyo wangu wote: mtoto wa darasa la sita asitolewe skuli kwenda kuchuma. Wiki mbili za msimu zinakula mada ambazo hazitarudiwa.

Jioni ni jambo jengine. Mnapokaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, mikono ina kazi na mdomo uko wazi. Hapo ndipo pa kusikiliza. Mpe mtoto suali moja la kichwani kila bakuli likijaa. Muulize karafuu ni sehemu gani ya mti. Watoto wa Pemba wengi, waliozaliwa ndani ya harufu yake, watakwambia ni tunda. Ni ua ambalo halijafunguka. Mtoto akilipasua moja kwa ukucha ataziona petali zimejikunja ndani ya kile kichwa cha duara. Somo la sehemu za ua mtoto wangu mmoja wa barazani alilielewa kwa karafuu tatu mbichi na wembe, baada ya kushindwa kwa picha ya kitabu.

Kuhusu pesa

Rais Karume alitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na mimi ni matunda yake. Leo mzazi analipa shilingi mia tano kwa siku, siku tano kwa wiki, na hiyo ni elfu kumi kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Ukiwa na watatu, ni thalathini. Kabla hujatoa, lifungue daftari la twesheni la mtoto wa jirani aliyetangulia. Ukiona kurasa za masuali na majibu yaliyonakiliwa ubaoni, yote sahihi, hakuna kosa wala alama ya mwalimu, okoa pesa yako. Ukiona makosa ya mtoto yamesahihishwa na kufanywa upya, hapo pana mwalimu, mlipe. Uliza pia wako wangapi chumbani. Mwalimu mmoja kwa watoto sitini hawezi kujua nani anaitafuta picha ya kushoto.

Na usinunue karatasi ya usiku wa manane. Mwaka mmoja alipita mtu mitaani usiku wa kuamkia mtihani akiuza "masuali ya kweli", shilingi elfu tano nakala. Wazazi waliopungukiwa walichangiana wawili wawili. Watoto walikesha wakikariri majibu, na asubuhi halikutoka hata suali moja. Nilimuona msichana mmoja ameketi chini ya muembe baada ya karatasi ya kwanza, analia, anasema, "Nilichokijua nimekisahau, Mwalimu, kimefunikwa na vile vya jana." Licha ya kuwa ni haramu na ni kosa la kumfutia mtoto mtihani, ni dhulma kwa kichwa chake.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi kuliko bei. Wilaya moja kubwa ya skuli huko Florida, Marekani, ilikuwa ikiwapima kwa ajili ya madarasa ya vipawa wale tu waliotajwa na mwalimu au mzazi. Mwaka 2005 wakaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Watoto wa familia maskini na watoto weusi walioingia wakaongezeka sana. Walikuwapo siku zote, hakuna aliyewatazama. Kwetu angalau kila mtoto wa darasa la sita anakaa kwenye mtihani. Lakini mtoto wa mjini anakuwa ameshaziona karatasi sita na wa Mtambwe hajaiona hata moja, na sote tumeshaona ule mruko wa karatasi ya pili ulivyo. Kwa hiyo ukizipata karatasi, toa kopi, mpe na jirani. Mpe na yule ambaye mwanawe anashindana na wako.

Wiki ya mwisho

Hapa nina ya kwangu ya kusema. Mwaka 2008, wakati huo mtihani bado ni wa darasa la saba, mwanangu wa kwanza wa kike alikuwa mtahiniwa. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, nikaona aibu mwanangu asichaguliwe. Wiki ile nilimuamsha saa tisa ya usiku kila siku, kahawa nyeusi mezani, nikimsimamia. Asubuhi ya Hisabati alikwenda macho mekundu. Aliporudi alinambia kwamba alisoma suali la kwanza mara tano na maneno yalikuwa yakielea. Alikuwa akiyaweza yale, nilikuwa na daftari lake la ushahidi. Hakuchaguliwa. Nilichomfanyia mimi kwa usiku sita kilivunja alichokijenga yeye kwa miaka saba, na nilimuomba radhi akiwa na miaka kumi na mitatu.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Kwa hesabu zetu, akishasali isha na kulala saa mbili, akiamka kumi na moja alfajiri, katimiza saa 9. Wiki ya mwisho hakuna somo jipya. Apitie daftari la maneno, atazame makosa yake ya zamani aliyoyasahihisha, na magharibi daftari lifungwe.

Jioni ya mwisho wekeni tayari sare, penseli mbili zilizochongwa, raba, rula na namba yake ya mtihani. Asubuhi ale anachokizoea, muhogo na chai au uji, si chakula kipya cha kumheshimu. Kama skuli iko mbali, mpeleke mapema, kwa sababu gari linaweza kuharibika njiani. Mlangoni mpe salamu na dua, na usimwambie neno lolote linaloanza na "ukishindwa".

Matokeo yakitoka na jina limo, kagueni orodha ya vifaa mapema, khasa kama anakwenda dahalia: godoro, chandarua na sanduku havinunuliwi siku moja. Jina lisipokuwamo, kaa naye siku hiyo hiyo kabla majirani hawajafika. Mwambie kidato cha kwanza kinamsubiri, mtihani wa kidato cha pili uko mbele, na daftari lake la maneno linahamia naye. Mwanangu yule wa 2008 alilihamisha lake. Leo anasomesha Sayansi, na baadhi ya maneno katika orodha yetu ya barazani ameyaongeza yeye.

Jumamosi hii baada ya alasiri tunaanza karatasi ya sehemu na desimali. Yule mama muuza samaki nimeshamtumia salamu. Mwanawe aje na penseli mbili na raba. Mkeka upo, saa ipo, na karatasi nimeshatoa kopi ya ziada.